Zabibu, Ukwaju na Figo za Mbwa Wako: Mwongozo kwa Wafugaji wa Dar es Salaam

Kila inapopita Idd, Krismasi au harusi ya jirani, viroba vya taka hujaa mageti ya Bunju, Boko, Mbagala na Chamazi. Ndani yake mna biriani lililobaki siniani, tambi za sukari, vipande vya keki na kapi za ukwaju uliochujwa juisi. Usiku mbwa wa ulinzi anafunguliwa, anatoboa kiroba, anakula anachokitaka. Asubuhi anatapika. Mlinzi anasema, "Kala kitu kibaya tu, itapita."

Mara nyingi mlinzi huwa sahihi. Ila kama ndani ya kiroba kile mlikuwa na zabibu kavu au ukwaju, kauli hiyo inaweza kumuua mbwa. Matapishi yatakoma, mbwa ataonekana amepata nafuu, na siku ya pili au ya tatu figo zake zinaweza kuacha kufanya kazi. Ukitaka kushika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: mbwa akila zabibu au ukwaju, hatua zianze saa hiyo hiyo, hata kama anacheza na kutikisa mkia.

Kinachodhuru ni nini

Madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha shirika la ASPCA nchini Marekani waliutangazia ulimwengu tatizo hili mwaka 2001, baada ya kupitia kumbukumbu za mbwa waliofeli figo muda mfupi baada ya kula zabibu mbichi au kavu. Kwa miaka 20 hakuna aliyejua kilichokuwa kikiwadhuru. Zabibu zilipimwa dawa za kuulia wadudu, madini mazito na sumu za ukungu, na jibu halikupatikana. Zabibu safi iliyooshwa ilidhuru sawa na isiyooshwa.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 2021. Mbwa mmoja alikula udongo wa kuchezea watoto uliofinyangwa nyumbani, ukiwa umechanganywa na krimu ya tatari, ule unga mweupe ambao waokaji hutumia kuimarisha povu la mayai. Figo zake zikafeli kwa namna ile ile ya zabibu. Unga huo ni chumvi ya asidi ya tatariki, na asidi hiyo ndiyo inayozipa zabibu uchachu wake. Mwaka 2022 madaktari wa kituo kile kile, wakiongozwa na Colette Wegenast, walichapisha taarifa za mbwa wengine waliougua, na safari hii baadhi yao walikuwa wamekula ukwaju.

Hapo ndipo habari inapoingia jikoni kwetu. Nyama ya ukwaju hubeba asidi ya tatariki kwa asilimia 8 hadi 18 ya uzito wake, wakati zabibu mbichi kwa kawaida haizidi asilimia 2. Miongozo mingi ya ughaibuni huwaonya watu juu ya zabibu pekee kwa sababu ndizo zilizojaa majokofu yao. Nyumba ya kawaida ya Toangoma au Tegeta inaweza kumaliza mwezi bila kuona kishada cha zabibu, lakini ukwaju haukosekani.

Binadamu huipitisha asidi hii kwenye mkojo bila shida. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba figo ya mbwa haina njia nzuri ya kuitoa, hivyo inajikusanya ndani ya chembehai za vijifereji vya figo na kuziua. Vijifereji vikifa, taka za mwili hubaki kwenye damu.

Kiasi gani ni hatari

Kipimo cha chini kinachotajwa na wataalamu ni gramu 2.8 za zabibu kavu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, au gramu 19.6 za zabibu mbichi kwa kilo. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15, hiyo ni takriban gramu 42 za zabibu kavu, yaani kiganja kimoja, au gramu 294 za zabibu mbichi. Kwa mtoto wa mbwa mwenye kilo 3, gramu 8 na kidogo za zabibu kavu zinatosha. Hizo ni punje kama 17.

Usizitumie namba hizi kujifariji. Asidi hutofautiana kati ya aina moja ya zabibu na nyingine, na tunda changa huwa nayo nyingi kuliko lililoiva. Zabibu za Dodoma zinazoletwa Dar es Salaam huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na anayenunua kando ya barabara anajua kwamba kishada cha leo kinaweza kuwa kitamu na cha kesho kikang'ata meno. Ndiyo maana mbwa mmoja hula bakuli zima asidhurike, na mwingine akaugua kwa kiasi kidogo. Kwa ukwaju hakuna kipimo salama kilichowekwa. Chukulia kwamba kiasi chochote cha maana ni hatari.

Aina ya mbwa pia si kinga. Wako wanaosema mbwa wa kienyeji tumbo lake ni chuma, anakula dampo na haugui. Ni kweli bakteria wengi wa jalalani amewazoea. Asidi hii ni suala jingine: figo ya mbwa wa kienyeji na ya Rottweiler ni figo ile ile.

Pitisha macho nyumbani kwako

Vyakula vya kuviangalia ni hivi:

- Biriani, pilau na tambi zenye zabibu kavu. Moto hauiondoi asidi.
- Keki za matunda, hasa za harusi na Krismasi, maandazi na mikate yenye zabibu kavu.
- Zabibu mbichi, pamoja na zile zilizooza au kudondoka ambazo mtu huona hazina maana.
- Ukwaju wa kilo, ukwaju uliolowekwa, na kapi zinazotupwa baada ya kuchuja juisi. Mwezi wa Ramadhani kapi hizi hutupwa kila jioni.
- Mchuzi na chachandu ya ukwaju kwenye masalia ya mishkaki, bajia, urojo na samaki wa kukaanga. Mbwa anaweza asiupende ukwaju mtupu, ila ukipakwa kwenye mfupa ataulamba mpaka uishe.
- Pipi za ukwaju wa sukari na pilipili ambazo watoto huziacha mfukoni au sakafuni.
- Krimu ya tatari, kama nyumbani kuna anayeoka keki za kuuza.
- Mkwaju au mzabibu uani, matunda yakidondoka.

Kwa kuwa makombo ndiyo chakula cha mbwa wengi mjini, ongeza na vitunguu kwenye orodha yako. Havigusi figo kwanza. Huharibu chembe nyekundu za damu, viwe vibichi au vimepikwa.

Dalili kwa mpangilio wa muda

Saa sita za mwanzo: mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Huu ndio wakati wenye thamani kuliko mwingine wote, na ndio unaopotezwa zaidi.

Kuanzia saa sita hadi 24: anatapika. Mara nyingine punje za zabibu huonekana zimefura ndani ya matapishi au kinyesi. Anaweza kuharisha, kukataa chakula, kujikunja kwa maumivu ya tumbo, kulala tu. Wengine hunywa maji mengi kuliko kawaida.

Kuanzia saa 24 hadi 72: figo zinaanza kushindwa. Mkojo unapungua au unakata kabisa. Mbwa anayumba akitembea, anatetemeka, mdomo unanuka kama mkojo, pengine vidonda vinatokea kinywani.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya mbwa 43 waliofeli figo baada ya kula zabibu, wote walitapika. Walionusurika ni 23. Waliokuwa na mkojo mdogo, kuyumba na udhaifu wa mwili ndio waliokuwa na nafasi ndogo ya kupona. Kumbuka kwamba hao walikuwa tayari wamefeli figo. Mbwa anayetapishwa na kuwekewa dripu mapema, kabla figo hazijaguswa, kwa kawaida hupona vizuri.

Ufanye nini papo hapo

1. Mwondoe mbwa kwenye chakula na umfungie mahali unapomwona. Kama kuna mbwa wawili na hujui nani kala, wote wahesabiwe kuwa wamekula.

2. Kadiria kilicholiwa na muda. Okota pakiti, kapi au masalia, yatie kwenye mfuko, utakwenda nayo. Piga picha matapishi.

3. Jua uzito wake. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako. Tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Kama habebeki, kadiria.

4. Mpigie daktari wa mifugo kabla ya kutoka nyumbani. Sema hivi: "Mbwa wangu wa kilo 20 amekula zabibu kavu kama nusu kikombe saa moja iliyopita. Hajatapika. Unaweza kumtapisha na kumwekea dripu?" Ukisema tu "mbwa anaumwa," utaambiwa umlete kesho.

5. Ondoka. Kutapishwa kunafaa zaidi ndani ya saa mbili, lakini zabibu hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo hata baada ya saa nne au sita bado inafaa kujaribu. Ukitumia bajaji, mfunge mbwa mdomo kwa kitambaa laini ikiwa tu hatapiki. Anayetapika akifungwa mdomo atapaliwa.

6. Kama uko mbali na daktari, foleni imekaba na yeye mwenyewe amekuelekeza kwa simu, unaweza kumtapisha kwa haidrojeni paroksaidi ya asilimia 3 kwa kiasi atakachokutajia kulingana na uzito. Soma chupa kwanza. Yenye nguvu zaidi ya hapo huunguza koo na tumbo. Usimtapishe mbwa aliyelegea, anayetetemeka, anayepumua kwa shida, wala mwenye pua fupi.

Usifanye haya

Usimnyweshe maji ya chumvi. Chumvi nyingi ikiingia kwenye damu huathiri ubongo, na mbwa anaweza kufa kwa chumvi kabla ya zabibu.

Usimnyweshe mafuta ya kula. Yakiingia kwenye mapafu yatamletea ugonjwa wa pili. Maziwa na yai bichi hayafuti asidi hii. Yatakupa moyo wa uongo na kukupotezea saa.

Usisage mkaa wa jikoni. Mkaa wa hospitali ni mwingine, na hata huo hauna uhakika wa kunasa asidi ya tatariki. Mwachie daktari uamuzi.

Usimtie vidole kooni. Utaumwa, na ukiumwa na mbwa ambaye chanjo yake ya kichaa huikumbuki, wewe pia utakuwa mgonjwa wa kukimbizwa kituo cha afya.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati figo zenyewe zinapigania uhai. Panadol nayo ina madhara yake kwa mbwa. Usikubali pia sindano ya gentamaisini kutoka kwa mtu anayepita na mkoba wa dawa, kwani inaumiza vijifereji vile vile vilivyokwisha jeruhiwa.

Ukifika kwa daktari

Matibabu yenyewe hayana siri kubwa. Tumbo linatolewa kilichomo. Mbwa anawekewa dripu ya mshipani kwa saa 48 ili damu iendelee kupita kwenye figo. Anapewa dawa ya kuzuia kutapika. Mkojo wake unafuatiliwa kwa karibu, kwa sababu mbwa asiyekojoa akiendelea kujazwa maji, maji hayo huhamia kwenye mapafu. Hiyo ndiyo sababu dripu ya kutundikiwa uani na mtu asiyerudi kumwangalia inaweza kuwa mbaya kuliko kutotibu.

Uliza kwa heshima mambo manne:

- Je, damu itapimwa leo kreatinini na yurea, zile taka za mwili zinazoonyesha hali ya figo, na kurudiwa kila siku mpaka zitimie saa 72? Kipimo cha siku ya kwanza kikiwa kizuri hakimaanishi hatari imepita. Ni msingi wa kulinganisha. Kama kliniki haina mashine, damu inaweza kupelekwa maabara yenye uwezo huo.
- Je, atalazwa usiku, na kuna mtu wa kumwangalia? Kliniki ikifungwa jioni, omba kanula ibaki mguuni, na urudi naye asubuhi mapema.
- Nani atapima mkojo wake, na kwa njia gani?
- Gharama ya siku mbili ni kiasi gani? Ulizia mwanzoni. Matibabu yaliyokatizwa katikati kwa kukosa fedha hupoteza fedha na mbwa.

Ikiwa hali imezidi uwezo wa kliniki ya mtaani, zungumza na daktari juu ya rufaa, ikiwemo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Uamuzi huo ufanywe mapema, mbwa akiwa bado na nguvu za kusafiri.

Akipona, mrudishe kupimwa baada ya wiki chache. Katika wale 23 walionusurika, 15 ndio waliorudi katika hali ya kawaida kabisa. Waliobaki walitoka na figo zilizopungua nguvu, na mbwa wa namna hiyo anahitaji maji safi wakati wote na uangalizi wa maisha.

Si kila figo iliyofeli ni zabibu

Usimfungie daktari macho kwa kumwambia "ni zabibu" kama hukuona. Jijini kwetu mbwa anayetapika na kulegea anaweza kuwa na parvo, homa ya kupe, sumu ya panya au nyama iliyotegwa na wezi. Ugonjwa unaofanana zaidi na huu ni leptospirosisi, ile homa ya mgunda iliyojulikana nchini kote baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022. Panya huieneza kwa mkojo, na mvua zikijaza mitaro ya Mbagala au Tegeta, mbwa anayekunywa madimbwi huipata kirahisi. Nayo hushambulia figo na ini.

Tofauti yake kubwa kwako ni kwamba homa ya mgunda inamwambukiza binadamu. Kwa hiyo mpaka daktari athibitishe, vaa glovu unaposafisha mkojo na matapishi, tumia Jiki, na uwaweke watoto mbali.

Mbwa akifa bila sababu kujulikana, usimtupe dampo wala mtaroni. Ongea na daktari wako juu ya uchunguzi. Maabara Kuu ya Veterinari ipo Temeke, chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Majibu yake yanaweza kuwaokoa mbwa waliobaki, na pengine watu wa nyumba hiyo.

Mtafute daktari kabla hujamhitaji

Saa tano usiku si wakati wa kuanza kuuliza majirani nani anajua daktari wa mbwa. Fanya hivi wiki hii:

Mwone afisa mifugo wa kata yako. Mwulize ni kliniki ipi ya karibu inayotibu mbwa, si ng'ombe na kuku tu, na ipi hupokea simu usiku. Hakikisha anayetibu amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini si lazima awe daktari.

Mpeleke mbwa kwa huyo daktari akiwa mzima, kwa chanjo ya kichaa na ya magonjwa mengine, leptospirosisi ikiwemo kama inapatikana. Atapimwa uzito, utafunguliwa kadi, na siku ya shida hutakuwa mgeni.

Namba ya daktari ibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi na kwenye mlango wa jikoni. Katika nyumba nyingi, anayemlisha mbwa na kuona matapishi yake ni mlinzi au dada wa kazi, wala si mwenye nyumba aliyetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni. Mpe ruhusa ya wazi ya kumpigia daktari moja kwa moja, muda wa maongezi uwe juu yako, na asiogope kusema ukweli kwamba mlango wa jiko uliachwa wazi. Mlinzi anayehofia kukatwa mshahara ataficha zabibu zilizoliwa, na daktari atatibu kitu kingine.

Kinga

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko tiba. Chuja ukwaju, kapi ziende kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, si kwenye kiroba kilichoegemezwa getini. Gari la taka likichelewa, viroba vining'inizwe au vifungiwe stoo. Kabla ya kumpa mbwa makombo ya sherehe, toa chochote chenye zabibu kavu au mchuzi wa ukwaju. Ukishindwa kukitenganisha, kimwage chote. Waambie watoto na wageni kwamba mbwa hapewi tunda la mkononi bila kuuliza.

Mpikie chakula chake. Ugali na dagaa waliooshwa chumvi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, utumbo wa kuku uliopikwa vizuri: hivyo vinamtosha mbwa wa ulinzi, na havigharimu hata sehemu ndogo ya dripu ya siku mbili. Mbwa aliyeshiba kabla ya kufunguliwa usiku hana haraka na kiroba cha jirani.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima. Leo, kabla ya kulala, andika namba ya daktari, funika ndoo ya taka, na umweleze anayemlisha mbwa wako maneno haya mawili: zabibu, ukwaju. Na akivila, asisubiri atapike.